Nani angechagua hasi 5? Uchambuzi wa kisa kimoja cha maandalizi ya SAT

Binti huyu alikuja kwangu na madaftari matatu yaliyojaa na alama zilizogoma. Kwa miezi mitatu hisabati yake ilikuwa 610, kisha 600, kisha 620. Sehemu ya kusoma na kuandika ilikaa kwenye 560, leo inapanda kumi, kesho inashuka kumi. Alikuwa analenga vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vingi hupokea alama za SAT kwenye maombi, na tarehe ya mtihani aliyojiandikishia ilikuwa imebaki wiki 11. Hakuwa mvivu hata kidogo. Angekuwa mvivu ningejua pa kuanzia.

Alikuwa ameshamaliza mitihani rasmi ya mazoezi yote aliyoikuta ndani ya Bluebook, programu ileile ambayo mtihani wenyewe hufanyiwa, na mmoja kati ya hiyo aliufanya mara mbili. Mara ya pili alipata 680 ya hisabati, akafurahi wiki nzima. Nikamwomba achague swali moja alilolikosa mara ya kwanza na kulipata mara ya pili, anieleze limetokaje. Akalitazama kidogo.

"Hili nalikumbuka, Mwalimu. Jibu lake ni D."

Nilicheka, naye akacheka, lakini wote wawili tulielewa kwamba zile pointi 60 za nyongeza zilikuwa za kumbukumbu. Mtihani wa kweli haungemletea swali lile.

Kwa asiyeujua mtihani wenyewe: tangu 2024 SAT hufanywa kwenye kompyuta karibu kila mahali (nje ya Marekani ilianza mwaka mmoja kabla). Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, na hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70. Kila sehemu hutolewa alama kuanzia 200 hadi 800. Ukigawanya muda, swali la kusoma linapata sekunde 71 hivi na la hisabati kama 95. Kila sehemu imekatwa vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Jambo hilo la mwisho nitalirudia, maana lilituumiza.

Neno "uzembe"

Nilipofungua madaftari yake nilikuta kitu ambacho walimu wengi wangekisifu. Kila swali alilokosa alikuwa amelinakili, akaandika jibu sahihi kwa kalamu nyekundu, na pembeni sababu ya kukosa. Nikahesabu kurasa za mwezi wa mwisho: makosa 40, na kwenye 31 sababu iliyoandikwa ilikuwa neno moja tu, "uzembe".

Mtu anayesema amekosa kwa uzembe anajifariji. Maana yake ni kwamba nilijua, ila nilipitiwa. Basi dawa ni kuwa makini zaidi, na kwa kuwa hakuna anayejua "kuwa makini zaidi" kunafanywaje, anarudi kufanya mtihani mwingine, anakosa palepale, anaandika uzembe tena. Binti huyu alikuwa amezunguka hivyo kwa miezi mitatu. Mimi nadhani neno hilo ndilo lililomkwamisha zaidi ya mada yoyote ya hisabati.

Tukachukua kosa moja kati ya yale 31. Swali lilikuwa la aina inayojirudia sana: mkunjo wa y = x² − 6x + 14 unakutana na mstari mlalo y = c mahali pamoja tu; c ni ngapi? Alikuwa amejibu hasi 5. Jibu ni 5. Pembeni: uzembe, alama ya kutoa.

Nikamwuliza, "Huyo aliyepata hasi 5 alikuwa anaona nini kichwani?"

"Alikuwa haoni kitu. Alikuwa anatumia kanuni."

Na kweli. Alichukua b² − 4ac (kipimo kinachoonyesha mlinganyo una majibu mangapi), akaiweka sawa na sifuri kama alivyofundishwa, lakini ile c ya mstari alipoihamishia upande wa pili aliiacha na alama yake, ikawa 14 + c badala ya 14 − c. Kuanzia hapo kila hatua ilikuwa safi, ikampeleka moja kwa moja kwenye hasi 5. Nikamwambia achore. Hakuwa na mazoea ya kuchora, alikuwa na mazoea ya kukokotoa. Ilimchukua karibu nusu saa kuikamilisha mraba bila kuangalia popote: x² − 6x + 14 ni sawa na (x − 3)² + 5. Akaiandika, akaitazama, na mimi nikanyamaza (kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwalimu wa tuisheni, maana analipwa ili aseme).

Kitu kilichozidishwa kwa chenyewe hakiwezi kuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo (x − 3)² ikiwa ndogo kabisa ni sifuri, na mkunjo ukishuka sana unaishia 5. Mstari wa y = 5 unaugusa pale chini kabisa, mara moja. Ukiupandisha mstari, unaukata mara mbili. Ukiushusha, hauupati. Akachora mstari wa y = −5 mahali ulipostahili kuwa, chini kabisa ya karatasi, mbali na mkunjo.

"Kumbe jibu langu haliko hata karibu na picha."

Tangu siku hiyo neno uzembe lilipigwa marufuku daftarini. Badala yake aliandika sentensi moja inayoanza na "Anayechagua jibu hili anaamini kwamba…"

Kutega mitego

Ingeishia hapo ingekuwa somo zuri la kawaida. Kilichobadilisha mambo ni kazi niliyompa aende nayo nyumbani: achukue swali lilelile, alitungie chaguo nne, moja sahihi na tatu za uongo, na kila ya uongo iwe na mwenyewe, yaani awepo mwanafunzi halisi, mwenye akili zake, ambaye angefika hapo kwa njia inayoeleweka.

Alirudi na mitego minne, nafasi zikiwa tatu. Hasi 5 ilikuwa yake mwenyewe, aliijua. 3 ilikuwa ya mtu aliyefika chini ya mkunjo kabisa lakini akasoma x badala ya y. 14 ilikuwa ya mtu anayedhani namba iliyosimama peke yake mwishoni ndiyo sehemu ya chini, kumbe hapo ndipo mkunjo unapokata mhimili wa y. Na 9 ilikuwa ya mtu aliyeanza kukamilisha mraba, akapata nusu ya 6 ikizidishwa kwa yenyewe, akaishia njiani.

Lazima mmoja utolewe. Tulibishana juu ya hilo muda mrefu kuliko tulivyowahi kubishana juu ya jibu lolote sahihi. Mimi nilitaka 14 itolewe, niliiona ya kitoto. Yeye akasema hapana: 14 iko ndani ya swali lenyewe, na mtu mwenye haraka anaokota namba anayoiona. 9 ndiyo itoke, kwa sababu mtu aliyefika 9 ameshajua kukamilisha mraba, huyo atamaliza. Alikuwa sahihi kuliko mimi, na alikuwa amefika hapo kwa kufikiria jinsi watu wanavyofikiri. Hakuna seti ya maswali ya mazoezi ambayo ingempa hiyo.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa kisa hiki kwa maoni yangu. Mtihani wa kuchagua una maandishi mengi ya uongo kuliko ya kweli: katika kila swali jibu sahihi ni moja, na yale mengine matatu yametungwa na mtu aliyekaa akafikiria. Mwanafunzi anayasoma kama takataka za kuruka. Ukimgeuza akayasoma kama kazi ya mtu, yenye nia na hesabu nyuma yake, mtihani unakuwa kitu cha kufikiria. Na hata anayejiandaa tu ili apate alama, asiye na mapenzi yoyote na hisabati, anafaidika, maana aliyetega mtego wa kuhamisha alama ya kutoa kwa mikono yake si rahisi kuukanyaga.

Kuna jambo la pembeni. Bluebook ina kikokotoo cha Desmos ndani yake, na kwenye hisabati kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho. Swali hili lote ungeweza kulichora pale ukapata 5 kabla hujamaliza kupiga chafya. Sikumkataza, mtihanini ningemshauri afanye hivyohivyo. Nilichofanya ni kuiondoa 14, nikaweka herufi k. Sasa c ni ngapi? Kikokotoo kinakuchorea k yoyote unayoitaka, lakini kuona kwamba c ni k − 9 siku zote, na kwamba ile 9 ya mtego uliotolewa ndiyo hiyohiyo imerudi kwa mlango mwingine, hilo ni la kichwani. Aliporudi baada ya siku mbili alikuwa na swali ambalo hakuna aliyempa: je, mstari usipokuwa mlalo? Tuseme y = 2x + c. Alikuwa ametoa mstari kwenye mkunjo akapata x² − 8x + 14, akaikamilisha kuwa (x − 4)² − 2, na c ikawa hasi 2. "Nimeulaza mstari," ndivyo alivyosema. Nimefundisha mada hii miaka na sijawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo.

Baba, na alama zilizoshuka

Katika wiki ya tatu baba yake alinipigia simu. Alikuwa mpole lakini alikuwa na hoja.

"Mwalimu, samahani. Kitabu nilichomnunulia kina maswali zaidi ya elfu moja. Naambiwa wiki hii mmefanya sita."

Nilimweleza nilivyoweza. Sidhani nilimshawishi, alinivumilia. Na mambo yalizidi kuwa magumu, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa nimeanza kumchanganyia mada. Awali alikuwa anafanya maswali 20 ya asilimia, kisha 20 ya pembetatu, kisha 20 ya mikunjo, na karibu yote anapata. Sasa maswali kumi ya siku yalikuja yamechanganywa bila kichwa cha habari, na alama zake za mazoezi zilianguka vibaya. Akaja siku moja amekunja uso, akasema anarudi nyuma.

Nikamweleza utafiti wa Doug Rohrer na Kelli Taylor, uliochapishwa mwaka 2007. Waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbo moja hadi liishe ndipo liende jingine. Kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, wale wa mada mojamoja walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Baada ya wiki moja wakapewa mtihani: wa mada mojamoja 20, waliochanganyiwa 63.

Akaniomba nirudie namba. Kisha akauliza swali zuri kuliko jibu nililokuwa nimeandaa: "Kwa hiyo ile 89 ilikuwa inapima nini?"

Inapima kama unaweza kutumia kanuni ambayo umeshaambiwa ndiyo yenyewe. Ukifanya maswali 20 ya mikunjo mfululizo, kazi ya kutambua kwamba hili ni swali la mkunjo umeshafanyiwa na kichwa cha habari. Mtihanini hakuna kichwa cha habari. Zile 31 alizoziita uzembe, nyingi zilikuwa za aina hii: kanuni anaijua, ila imeitwa mahali si pake.

Hakurudi nyuma.

Kusoma kabla ya kuchagua

Upande wa kusoma nitakuwa mfupi, kwa sababu mafanikio yetu huko yalikuwa madogo.

SAT ya sasa haina vifungu virefu tena. Kifungu kina maneno kati ya 25 na 150, na swali moja tu. Maswali yaliyomsumbua ni yale ya hoja: mtafiti anadai kitu, ugunduzi gani ungedhoofisha dai lake? Nikamtungia mfano wa kubuni kwa Kiswahili ili Kiingereza kisiwe kisingizio. Mtafiti ameona miti ya kando ya barabara inachanua mapema kuliko ya mbali, anadai ni kwa sababu ya taa za usiku. Chaguo mojawapo lilisema baadhi ya miti ya mbali nayo huchanua mapema. Jingine lilisema miti ya kando ya barabara ambazo hazina taa inachanua mapema vilevile.

Akachukua la kwanza. Ni mtego mzuri, unasikika kama upinzani. Lakini "baadhi" ya miti ya mbali haigusi dai; mtafiti atasema nako huenda kuna taa, au kuna sababu nyingine huko. La pili linaing'oa taa kwenye hadithi na matokeo yanabaki palepale. Tukaweka utaratibu: funika chaguo zote kwa karatasi, soma dai, kisha sema kwa Kiswahili, kwa sauti, ni kitu gani kikitokea huyu mtafiti ataaibika. Ndipo ufunue. Ikiwa huwezi kulisema dai kwa lugha unayoiota, hujalielewa kwa lugha ya mtihani. Ilimsaidia kwenye maswali ya hoja. Kwenye maswali ya maana ya neno ndani ya sentensi haikumsaidia sana. Huko kunahitaji miaka ya kusoma, si wiki 11, na orodha za misamiati alizokuwa amekremu hazikutufaa kitu.

Alama za uakifishaji tulizimaliza kwa siku tatu, kwa kukariri kanuni na kufanya mazoezi ya haraka. Hakukuwa na falsafa yoyote. Nukta-mkato inatenganisha sentensi mbili kamili, basi, tuendelee. Kuna walimu wanaotaka kila kitu kiwe cha kusisimua, nami nimewahi kuwa mmoja wao. Kuna vitu ni vya kukariri, na mwanafunzi mwenye akili hachukii kuambiwa hivyo.

Nilipokosea

Wiki ya sita tulifanya mtihani mzima kwa saa, wa kwanza tangu tuanze. Nilikuwa nimeuandaa mwenyewe, kwa kuwa mitihani rasmi alikuwa ameshaila yote. Kipande cha kwanza cha hisabati kilimwishia akiwa ameacha maswali matano wazi, cha pili sita. Tukipima kwa makadirio, isingefika 580. Chini ya alikotoka.

Alilia kidogo. Mimi nililala vibaya.

Tulipokaa kuchambua, karibu kila swali alilogusa alikuwa amelipata. Shida ilikuwa amefundishwa kukaa na swali moja siku mbili, na hakuna aliyemfundisha kuliacha. Hilo ni langu. Nilidhani uelewa ukija kasi itafuata yenyewe. Kasi haikuja. Na kwa mtihani huu ni hatari mara mbili: ukichelewa kwenye kipande cha kwanza, cha pili kinakuja kile chepesi, na hata ukikipata chote alama zina dari. Tena alikuwa ameacha maswali wazi ilhali kosa halikatwi alama tangu 2016. Hata kubahatisha hakubahatisha. Heshima aliyokuwa nayo kwa maswali ilikuwa imepita kiasi.

Tukagawanya wiki. Siku nne za kufikiri kama kawaida, bila saa. Siku mbili za saa, ambapo sheria ilikuwa moja: sekunde 90 zikipita hujaona njia, weka alama, chagua chochote, songa. Na hakuna kuchambua siku ya saa. Uchambuzi ulisubiri kesho yake, na swali lililomshinda kwa saa ndilo lililokuwa la kufikiria. Mwanzoni alisema anajisikia kama watu wawili. Baada ya wiki mbili akaacha kulalamika. Kama ningeanza upya, siku ya saa ingekuwepo tangu wiki ya kwanza, hata kwa dakika 20 tu.

Mtihani wa kweli alipata 720 ya hisabati na 610 ya kusoma na kuandika. Jumla 1330. Baba yake alinipigia tena, safari hii alikuwa anacheka, akaniambia kile kitabu cha maswali elfu moja bado kina kurasa nyeupe. Sitadai kwamba njia hii ndiyo iliyoleta pointi zote. Alikuwa na wiki 11 za kazi ngumu, na mtu wa bidii ile huenda angepanda kwa njia yoyote. Ninachoweza kusema ni kwamba miezi mitatu ya njia ya mwanzo, kwa bidii ileile, haikumpandisha.

Siku aliyotoka mtihanini alianza kunieleza swali moja, nikamkatiza, kwa sababu mtahiniwa haruhusiwi kusambaza maswali. Akasema basi ataniambia kitu kingine. Njiani kurudi alikuwa anawaza: mkunjo na mstari mlalo tumefanya, mkunjo na mstari wa kuinama tumefanya, je, mkunjo kwa mkunjo? Nikamwambia ajaribu mikunjo miwili yenye umbo moja, mmoja umesogezwa pembeni. Usiku akanitumia picha ya ukurasa. Alikuwa ametoa mmoja kwenye mwingine, x² zikafutana, ukabaki mstari ulionyooka unaokata sifuri mara moja tu. Chini aliandika: "Hii inakutana mara moja siku zote, hata uisogeze pembeni kiasi gani. Ningeitungia mitego gani?"